Kuanzia Picha ya Mwisho

Mliniaga kwa keki iliyochorwa kompyuta yenye antena. Nimefanya kazi na kompyuta tangu usichana wangu na sijawahi kuona yenye antena, lakini nilikula kipande changu, nikaomba cha pili, nikanyamaza. Kisha mkuu wenu wa kitengo akasimama na kusema kwamba Bi Mwajuma hataondoka hivihivi, lazima awaandikie vijana mambo aliyoyaona kazini. Haya, nimeandika. Ya vyeo nimeyaruka kwa sababu yako kwenye faili langu, na ya mishahara nimeyaruka kwa sababu yananipandisha presha mpaka leo.

Nilizaliwa Ujiji na sasa nazeekea Buzebazeba, hapahapa Kigoma, na hapo katikati sikwenda mbali. Ninyi mnanijua kama mama wa chumba cha seva, yule anayewafukuza wenye vikombe vya chai. Lakini kazi niliianzia kwingine, katika ofisi ya misaada iliyokuwa Rusimbi, miaka ile watu wa Burundi na wa Kongo walipokuwa wakiingia kila siku kwa miguu na kwa boti, na barabara zetu zikajaa malori mpaka kuvuka kwenda sokoni ikawa kazi. Ofisi ile ilifungwa zamani na jina lake halitawasaidia kitu. Ilikuwa na kazi moja tu: kuwaunganisha watoto na wazazi waliopotezana njiani.

Nilikuwa nimetoka kwenye kozi Tabora, ambako kompyuta ilikuwa moja na wanafunzi tuliitazama kwa zamu. Siku ya kwanza Rusimbi nilikuta mashine yetu imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama redio ya baba mkwe. Dada wa mapokezi ndiye aliyekifuma kwa mikono yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba mashine inapumulia nyuma. Ikawa inachemka na kuzimika kila mchana, na watu wote wanalaumu umeme. Nilimbembeleza yule dada muda mrefu. Mwishowe tulikubaliana kitambaa kihamie juu ya simu, ambayo ilikuwa mbovu tayari na isingeweza kudhurika zaidi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Salvatori. Alikuwa mkimbizi mwenyewe. Kwao Bujumbura alikuwa akifundisha hesabu na kompyuta chuoni, na kwetu alifika na koti moja la suti na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Koti lile hakulivua, hata joto la Kigoma likiwa la kuyeyusha mshumaa. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, brashi ya kupakia rangi na kifutio cha penseli. Bisibisi ilikuwa ya kufungulia, brashi ya kutolea vumbi na mijusi, na kifutio cha kusugulia meno ya dhahabu ya vile vipande vya kumbukumbu ya mashine mpaka yang'ae. Mpaka leo nikimwona kijana anaagiza kipande kipya Dar es Salaam kabla hajakisugua cha zamani, mkono unaniwasha.

Somo lake kubwa alinipa asubuhi moja nilipokuta mashine imeganda.

"Shikamoo Mzee. Imelala tena."

"Marahaba, mwanangu. Haijalala. Tazama taa."

Taa ndogo nyekundu ya diski ilikuwa inawaka bila kupepesa, na ndani kulikuwa na mkwaruzo, kwaru kwaru, usiokoma.

"Kuku akiparua hivyo, anakula," akasema Mzee Salvatori. "Huyu anaparua lakini hali kitu. Keti."

Nikaketi, akanieleza. Diski ni stoo: kubwa, lakini mwendo wake wa kobe. Kumbukumbu ni meza: ndogo, ila kila kilichopo juu yake unakifikia mara moja. Mfumo endeshi hukata kazi zote vipande vilivyo sawa, navyo huitwa kurasa, na ukurasa haufanyiwi kazi mpaka uwe mezani. Meza ikijaa na ukurasa mwingine ukaitwa kutoka stoo, lazima mmoja uondoke. Swali ni upi.

"Ungekuwa wewe, ungeutoa upi?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Ule ambao sitauhitaji."

"Ego, ndiyo! Au tuseme ule utakaouhitaji baadaye kuliko yote. Hiyo ndiyo hukumu ya haki, hakuna nzuri kuliko hiyo. Shida ni kwamba lazima ujue ya kesho."

"Na mashine inajua ya kesho?"

"Inajua kama mimi na wewe."

Basi, kwa kuwa haijui ya kesho, inatazama ya jana. Inadhani kwamba kilichoguswa sasa hivi kitaguswa tena, na ambacho hakijaguswa siku nyingi kimesahauliwa. Njia moja ya kufanya hivyo alinichorea kwenye vumbi la meza kwa kidole: duara la kurasa na mkono mmoja katikati, kama saa. Kila ukurasa ukiguswa unapata alama. Ikihitajika nafasi, mkono unazunguka. Ukikuta ukurasa wenye alama hauutoi. Unaifuta alama na kupita, yaani ukurasa umepewa nafasi ya pili. Ukikuta ukurasa usio na alama, ina maana hakuna aliyeugusa tangu mkono ulipopita mara ya mwisho, na huo ndio unaoondoka. Kama kuna jambo jipya limeandikwa juu yake, kwanza linanakiliwa stoo lisipotee, ndipo nafasi yake inachukuliwa.

"Huo ni uonevu," nikasema. Nilikuwa na mdomo tangu zamani. "Kama ukurasa ni wa maana sana ila bado haujaitwa?"

"Mashine haijui kipi kina thamani, mwanangu. Inajua kipi kimeguswa. Haina ubaya, inakisia tu. Na ukurasa haujafa. Uko stoo, ukiitwa unarudi, ila kwa mwendo wa stoo."

Akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena. Nilikuwa msichana mdogo, sikujua cha kumwambia mtu mzima aliyetolewa kwake. Nikaenda kuchemsha chai, na ninafurahi kwamba angalau hilo nilijua kulifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Programu tuliyopewa ilitengenezwa mbali, na watu ambao bila shaka wana majina ya ukoo. Ukiandika jina la ukoo la mama, ilitakiwa ikuletee watoto wote wenye jina hilo. Sasa, kwa Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa. Baba ana lake, mama lake, na watoto kila mmoja lake, wala hayafanani. Tulijaza kile kisanduku cha ukoo kwa uaminifu mkubwa na hakikumleta mtu hata siku moja. Zaidi ya hapo, watoto wadogo walikuwa wamesahau majina, au wamekataa kusema, na walezi wakawapa mapya. Kwa hiyo tukategemea picha.

Kila mtoto alipigwa picha, ikapitishwa kwenye skana, ikaingia kwenye albamu ndani ya kompyuta. Kwanza tulikuwa tunazichapa na kuzibandika kwenye mbao kambini, lakini mvua ilizila mbao za mwanzo, na wino wa kuchapia ulikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwa treni, na ninyi mnaijua treni. Ikabaki albamu. Mzazi anakuja ofisini, anaketi mbele ya kioo, mimi ninabonyeza, picha moja baada ya nyingine.

Mkuu wetu, Mama Tesha, mama mrefu wa Kilimanjaro asiyependa kurudia sentensi, aliweka kanuni: mzazi aone picha zote mara mbili. Duru ya kwanza asiseme neno. Duru ya pili ndipo aseme. Msimwone mkatili. Kabla ya kanuni hiyo wanawake wawili walimshika mtoto mmoja mkono huku na mkono huku, mbele ya umati pale Ujiji, kila mmoja akiapa ni wake, na hakuwa wa yeyote kati yao. Mtu mwenye uchungu humchukua mtoto wa kwanza anayefanana. Ndiyo maana pia hatukuruhusu wazazi kupita kwa walezi wakitafuta nyuso. Ni picha kwanza, halafu maswali, halafu uso.

Albamu ilipokuwa ndogo mambo yalikwenda vizuri. Ikakua. Kila boti iliyofika iliongeza watoto, na programu yetu, kwa ujinga wake, ilitaka albamu nzima iwe kwenye kumbukumbu kwa pamoja. Siku albamu ilipoizidi meza, kuku akaanza kuparua. Picha zikawa zinatokea mstari kwa mstari kutoka juu, kama mtu anavuta pazia kwa woga. Dereva alilaumu joto. Jamaa mmoja wa uhasibu alilaumu virusi na kutushauri tuifunge mashine siku za Ijumaa. Tulisugua vipande kwa kifutio mpaka kikaisha. Tuliomba kumbukumbu ya kuongeza, wakatuahidi, na nyie mnajua ahadi za vifaa.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Godeliva.

Alikuwa Mrundi wa makamo, mwembamba, akinukia dagaa, kwa sababu alikuwa akiwaanikia watu dagaa Kibirizi na kulala hukohuko. Alimpoteza binti yake siku walipokimbia kijijini. Alikuwa amembeba mdogo mgongoni, na mkubwa, Inamahoro, anatembea akiwa ameshika kitenge cha mama yake. Watu walisukumana, mama akageuka, kitenge hakina mkono. Yeye alisukumwa na umati mpaka upande wa Kongo, akavuka ziwa baadaye kuja kwetu. Wa mgongoni hakufika. Hilo alilisema mara moja, haraka, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Alikuja siku mbaya. Siku hiyohiyo watoto wote wasio na wazazi walikuwa wanahamishwa pamoja na walezi wao kwenda kambi mpya, mbali huko mbele ya Kasulu, kwa sababu mwambao ulionekana si salama. Walikuwa wametawanyika kwa walezi Ujiji, Rusimbi na kwingineko, na kila lori lilipakia mahali pake. Malori yalikuwa yanaondoka mchana. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, na barabara ile ikikatika ilikuwa inakatika kweli. Mtoto asiyetambuliwa siku hiyo angeweza kukaa mpaka kiangazi kabla mama hajamfikia, na hapo katikati angeweza kupewa familia ya kumlea moja kwa moja. Mama Tesha alimweleza Godeliva haya yote bila kupunguza kitu. Mahali pekee ambapo watoto wote walikuwa bado pamoja ni ndani ya mashine yetu.

"Nionyesheni," akasema Godeliva.

Duru ya kwanza ilikula asubuhi nzima. Picha inaanza: kipara cha mtoto. Kwaru kwaru. Paji la uso. Kwaru kwaru. Macho. Wengi walikuwa wamenyolewa kwa ajili ya chawa na wamevimba mashavu kwa njaa, kwa hiyo walifanana kama ndugu. Godeliva aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akasema. Mimi nilikuwa nataka kuipiga ile mashine teke. Nje malori yalikuwa yanapita yakipiga honi, na kila honi alikuwa anageuza kichwa dirishani, halafu anajilazimisha kurudi kwenye kioo.

Tukafika picha ya mwisho. Hakusema neno, kama alivyoagizwa. Nikabonyeza kurudi mwanzo, kama ilivyokuwa kawaida yetu, na taa ikawaka nyekundu, ikabaki. Ukanda mwembamba ukatokea juu ya kioo. Nikapiga hesabu kichwani: kwa mwendo huo tungemaliza duru ya pili jua likiwa limezama na malori yamelala Kasulu.

Mzee Salvatori alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwajuma," akasema, "picha ya kwanza iko wapi sasa?"

"Stoo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haijaguswa tangu asubuhi. Ilitolewa zamani kupisha nyingine."

"Na sasa unaiita. Nani atatoka kuipisha?"

Nikaanza kujibu, nikasita, maana ndipo nilipoliona kosa letu. Angetoka yule aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Na kwa sababu tunazunguka duara lilelile kwa mpangilio uleule, aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuguswa ndiye hasa aliye karibu kuitwa. Siku zote hizo tulikuwa tunaitoa kila picha nje muda mfupi tu kabla ya kuihitaji, moja baada ya nyingine, duara zima, na mashine ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Inakisia kwamba cha jana ndicho cha kesho, na sisi tulikuwa tumepanga kesho yetu iwe kinyume kabisa cha jana.

"Zilizoko mezani ni za mwisho," nikasema. "Mzee, za mwisho zote ziko mezani."

Alitabasamu tu, na alikuwa mtu asiyetabasamu ovyo.

Nikamgeukia Mama Tesha. "Mama, kanuni inasema aone zote mara mbili. Inasema aanzie wapi?"

Mama Tesha alinitazama, akamtazama Godeliva, akatazama saa ya ukutani. "Geuza," akasema.

Nikaacha ile ya kwanza ikiwa bado kipara. Nikaenda mwisho, nikaanza kurudi nyuma.

Nawaambia, sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho katika kazi hii, na nimeona chumba cha seva kikipata viyoyozi viwili kwa siku moja. Picha ya mwisho ilitokea nzima. Ya kabla yake, nzima. Hakuna mkwaruzo. Taa imezimika. Bonyeza, uso. Bonyeza, uso. Godeliva aliondoa viganja mdomoni na kuegemea mbele.

Halafu akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

"Rudisha. Iyo. Rudisha!"

Nikarudisha. Mtoto wa kike, kama miaka minne, kipara, mashavu yamevimba, jina lililoandikwa ni Furaha. Asubuhi tulikuwa tumemtazama muda mrefu sana.

"Ni uyu," akasema. "Umwana wanje, mutoto wangu. Ni uyu."

"Mama, umemwona na asubuhi," akasema Mama Tesha, taratibu. "Nini kimebadilika?"

Godeliva akaweka kidole kwenye kioo, chini kabisa ya picha. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, na kidole gumba amekificha ndani. "Anakamata hivi. Tangu anazaliwa anakamata hivi. Asubuhi mulinionyesha kichwa kwanza. Nikaona kipara, nikasema si yeye, roho yangu ikafunga. Mikono imekuja na nimeisha kusema hapana. Sasa nimemuona mutoto muzima."

Mimi nilikuwa nalia wazi, na sioni haya kuliandika.

Lakini kidole gumba si ushahidi, na Mama Tesha hakuwa mtu wa kuacha kanuni kwa sababu ya machozi yangu. Akauliza alama nyingine. Kovu la moto nyuma ya goti la kushoto, akasema Godeliva, aliangukia jiko. Lori la mtoto huyo lilikuwa limeshaondoka. Tukaita kwenye redio ya mawasiliano. Msimamizi wa msafara, Bwana Ruhaga, mtu wetu wa hapahapa, alijibu kwamba wako Kidahwe, njiani kwenda Kasulu, wanasubiri malori ya nyuma yafike waongozane.

"Mtafute mtoto anayeitwa Furaha," Mama Tesha akasema. "Tazama nyuma ya goti la kushoto."

Redio ikabaki inaunguruma. Godeliva alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Lipo," ikasema redio. "Kovu lipo. Ila fanyeni haraka, malori ya mwisho hayo yanaingia."

Kabla sijawapeleka Kidahwe niwaambie hili moja, kwa sababu ndilo mkuu wenu alitaka niliandike. Mnapoletewa mashine inayohangaika, msianze kwa kuitukana, wala kwa kuomba ununuzi. Ulizeni inatoa nini na kwa nini, halafu ulizeni ninyi mnaita nini na kwa mpangilio gani. Mara nyingi mashine inajitahidi kuwatumikia, na ninyi ndio mnaokwenda njia inayoiumiza. Kumbukumbu ya nyongeza tuliyoahidiwa ilifika miaka miwili baadaye, ikiwa ya aina nyingine, na haikuingia.

Tulipanda gari la ofisi, dereva, mimi, Godeliva, na Mzee Salvatori na koti lake. Njiani Godeliva alikuwa akijipangusa magamba ya dagaa kwenye mikono, moja moja, ili awe safi.

Kidahwe malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, injini zinanguruma. Bwana Ruhaga alitupungia mkono kwenye lori la katikati. Watu walikaa kwenye mabenchi ya mbao pande zote mbili, magoti kwa magoti, na sufuria, magodoro na mabeseni katikati. Mwisho wa benchi, karibu na mlango wa nyuma, alikaa mwanamke mnene wa makamo, Mrundi, jina lake Spesioza, na kwapani mwake kulikuwa na mtoto ameshika kitenge chake. Kidole gumba ndani ya ngumi.

Godeliva alisimama hatua chache kutoka lori.

"Inamahoro," akaita.

Mtoto hakugeuka.

"Inamahoro we."

"Furaha," akasema Spesioza kwa sauti ndogo, "tazama, unaitwa." Na kwa jina hilo mtoto akainua kichwa. Alimtazama Godeliva kama tunavyotazama mgeni yeyote, akajificha tena kwapani.

Niliona jinsi Godeliva alivyolipokea hilo. Sina maneno ya kulieleza na sitajaribu. Nilimshika bega, nikahisi mifupa.

"Haya, mama mlezi," Bwana Ruhaga akasema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na msafara na mawingu yanakuja. "Mpe mwenzio mtoto wake, tuondoke."

Spesioza akaanza kukibandua kile kimkono kwenye kitenge, kidole kwa kidole, huku midomo yake inacheza. Mtoto akapiga ukelele uliowafanya watu wa lori la nyuma wasimame.

"Muache!" akasema Godeliva. "Musimutoe."

"Sasa mama, si ni wako?"

"Ni wangu. Anakwenda wapi?"

"Kambini. Mbele ya Kasulu."

"Basi na mimi nakwenda kule."

Bwana Ruhaga akashika kiuno. Akatutazama sisi wa ofisi, akatazama lori. "Mama, hujajiandaa. Hujabeba hata shuka. Halafu lori limejaa, huoni? Nafasi hakuna hata ya kuku."

Ilikuwa kweli. Nilipitisha macho benchi nzima na sikuona pa kupenyeza mkono. Mzee Salvatori alianza kuvua koti lake, ndiyo mara ya kwanza naona shati lake, akamfunika nalo Godeliva mabegani. Lakini koti si nafasi ya kukaa.

Spesioza alikuwa anatutazama kutoka juu, machozi yanamchuruzika na hayafuti. Kando yake kwenye benchi alikuwa ameweka sufuria yake kubwa, nyeusi kwa masizi, yenye unga na nguo ndani, mali yake yote. Akaishika kwa masikio yake mawili, akainyanyua, akaiweka mapajani. Halafu akapigapiga ubao ulioachwa wazi kwa kiganja.

"Kaa apa," akamwambia Godeliva.

Tukampandisha. Akakaa pembezoni kabisa mwa ule ubao, mikono mapajani, na akaacha upenyo kati yake na mtoto. Hakumgusa. Bwana Ruhaga akafunga mlango wa nyuma kwa komeo, akapiga bodi mara mbili, na lori likaanza kusogea polepole. Tulitembea nalo kidogo, kama mnavyomsindikiza mgeni.

"Kwenu munamuita nani, umesema?" nikamsikia Spesioza akiuliza.

"Inamahoro."

Spesioza akainama na kulisema lile jina kwenye sikio la mtoto, taratibu, kama mtu anayemlisha uji wa moto. Kisha akaiinua ile sufuria kidogo kwenye mapaja, akaguna, ingawa mikono ile ingeweza kubeba sufuria tatu kama hiyo.

"Inamahoro," akasema, "sogea kwa mama uyu kidogo. Sufuria inaniumiza."

Mtoto aliitazama sufuria. Akamtazama Godeliva. Akasogea.